Hoteli za kando ya gare zinakula pesa ya mwisho ya mhami

Ninyi mlio njiani, mlio kambini, mlio kwa jamaa mkihesabu siku: leo naandika juu ya hoteli. Najua kuna watakaosema hoteli ni habari ya watu wenye makuta, na kwamba mhami wa vita ana mambo makubwa kuliko kitanda. Wasome kwanza.

Tumezoea kumwazia mhami kama mtu anayefika mjini mikono mitupu. Wako wanaofika hivyo, tunawaona. Lakini familia nyingi zinafika na kitu kidogo. Baba ameuza mbuzi wawili kwa hasara. Mama ameuza cherehani. Shangazi wa Kolwezi ametuma kitu kwa simu. Pesa hiyo ni ya mwisho, nyuma yake hakuna nyingine. Ndiyo ingekuwa sehemu ya garanti ya nyumba kule Katuba au Ruashi, au tiketi ya treni mpaka kwa ndugu, au gunia la unga na gunia la makala vya kuanzia maisha.

Nasema wazi: hapa Lubumbashi pesa hiyo mara nyingi inaishia kwenye hoteli za wastani zilizo kando ya gare, ndani ya siku chache, kabla familia haijajua hata jina la mtaa. Inaishia pale kwa sababu tatu: treni haina saa, bei haijaandikwa, na karatasi inayodaiwa mlangoni ndiyo ile iliyobaki katika nyumba iliyochomwa. Sababu zote tatu zinaweza kuondolewa bila msaada kutoka ng'ambo na bila kungoja amani irudi. Hazijaondolewa kwa kuwa wako wanaopata faida.

Ili tusielewane vibaya, niseme ni hoteli gani. Sizungumzii zile kubwa za wageni wa migodi, ambako mhami hafiki hata mlangoni. Nazungumzia zile za katikati: ghorofa moja au mbili, geti la chuma, sentineli kwenye kiti cha plastiki, resepsioni yenye kidirisha, terasi ya bia chini yenye muziki mpaka usiku wa manane. Chumbani kuna kitanda, neti, feni, pengine klimatizeri iliyokwisha kufa. Bafuni kuna ndoo, kwa siku ambazo bomba la REGIDESO limekauka. Umeme wa SNEL ukikatika, grupu inawashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa nne usiku. Mfanyabiashara wa Kasumbalesa analala pale, mwalimu aliyekuja kufuatilia mshahara wake analala pale, mama anayeleta samaki wa kukauka kutoka Bukama analala pale. Ni hoteli za watu kama sisi, na ndiyo maana tuna haki ya kuzisema.

Kwa nini za kando ya gare? Reli ilifika hapa mwaka 1910, wakati mji unaitwa Elisabethville, na mji ukakua kandokando yake. Kutoka hapa njia inapanda Likasi na Tenke mpaka Kamina, karibu kilomita 600. Pale Kamina inagawanyika. Mkono mmoja unakwenda Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo. Mwingine unakwenda Kabalo, na kutoka Kabalo mtu anaweza kuelekea Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika, au Kongolo na Kindu. Chora njia hiyo kwa kidole mchangani, utaona kwamba inagusa karibu kila sehemu ambako watu wetu wamekimbia. Aliyetoka Goma baada ya mji kuchukuliwa Januari 2025, au Bukavu mwezi uliofuata, akashuka Uvira na kupanda boti mpaka Kalemie, anaiona reli. Aliyetoka Nyunzu, Manono, Mitwaba au Pweto anaijua reli. Treni ndiyo inayobeba watu pamoja na magunia, masufuria na kuku, kwa bei ambayo ndege haiwezi na lori halitaki.

Na gare zetu zimewahi kuona mambo mazito. Mwaka 1992 na 1993, familia za asili ya Kasai zilizofukuzwa hapa Katanga zililala kwa wiki na miezi kwenye gare za Likasi na Kolwezi zikingoja treni ya kuwapeleka. Wako waliozika watoto pale pale. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba wahami kwenye gare ni jambo la ghafla ambalo hakuna aliyeweza kulitayarisha. Tumekuwa na zaidi ya miaka thelathini ya kulitayarisha.

Tuanze na saa.

Treni ya abiria kwetu haina saa, ina uvumi. Tunajua sababu. Reli ni ya zamani, injini ni chache, mabehewa yanaanguka, mvua inakula udongo chini ya vyuma, na wafanyakazi wa SNCC wenyewe wameishi miaka mingi wakingoja mishahara. Sitamtukana fundi anayetengeneza injini usiku kwa tochi. Lakini kuchelewa ni jambo moja na kunyamaza ni jambo lingine. Injini ikiwa imeharibika Kamina, kuna mtu anayejua. Kama behewa limetoka njiani kati ya Kabongo na Kabalo, kuna mtu aliyepigiwa simu. Anashindwaje kuandika mistari miwili kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa gare? Abiria anaambiwa "kesho". Kesho anaambiwa "kesho". Kila "kesho" moja ni usiku mmoja wa kulipa.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Tuseme chumba ni dola 25. Familia ni ya watu sita, na hoteli inakataa zaidi ya watatu chumbani, kwa hiyo ni vyumba viwili, dola 50 kwa usiku. Treni ikichelewa usiku nne, dola 200 zimekwenda. Hapo hujanunua bukari, hujanunua maji, mtoto hajaugua. Kama siku ya kwanza mzazi huyo angeambiwa, "Mama, treni haitaondoka kabla ya Ijumaa," asingelala hotelini. Angetafuta chumba kwa mtu wa Kenya au Kamalondo, angeenda parokiani kuuliza, angempigia simu ndugu wa mbali anayemwonea aibu. Kutoambiwa ndiko kunakomweka pale hotelini, usiku mmoja baada ya mwingine.

Na hoteli zinajua. Mwaka huu nililala usiku tatu katika mojawapo ya hoteli hizo, ambayo sitaitaja, ili niandike nilichokiona. Usiku wa pili nilikuwa nimekaa karibu na kidirisha cha resepsioni. Kijana wa kazi alimpigia simu mtu wake wa gare akauliza habari ya treni. Akajibiwa. Dakika chache baadaye baba mmoja mwenye watoto aliuliza habari hiyo hiyo, akaambiwa: "Bado hatujui, mzee. Lipia leo, kesho tutaona." Sikusikia jibu alilopewa kwenye simu, kwa hiyo sitasema alidanganya. Ninasema alikuwa na habari, na hakumpa aliyeihitaji.

Tuje kwenye bei.

Katika hoteli ile hakukuwa na karatasi ya bei ukutani. Bei ilitoka mdomoni mwa resepsioni, baada ya macho yake kupita juu ya viatu, mizigo na idadi ya watoto. Mwenye begi la magurudumu alitajiwa bei moja. Mwenye gunia alitajiwa bei nyingine, na msishangae, ya gunia ilikuwa kubwa zaidi. Sababu ni rahisi: mwenye begi anaijua mitaa na anaweza kwenda hoteli ya pili. Mwenye gunia ana mtoto mgongoni, giza limeingia, na hajui kushoto wala kulia. Katika biashara ya namna hii, asiyejua njia ndiye analipa zaidi.

Halafu yanakuja ya nyongeza. Mtoto wa nne analipiwa. Ndoo ya maji ya moto inalipiwa. Kuchaji simu wakati wa grupu kunalipiwa. Kuacha mizigo mchana baada ya saa ya kutoka kunalipiwa. Hakuna lililosemwa wakati wa kuingia.

Na yote hayo kwa dola. Wengi wetu tumezoea kiasi kwamba hatulioni tena kuwa ni kosa. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 170, inasema franka ya Kongo ndiyo pesa ya nchi, na kwamba inalipa deni popote katika ardhi yote ya taifa. Popote, na kidirisha cha resepsioni kimo. Mama anatoa franka zake, anaambiwa hazitakiwi, au zinapokelewa kwa kiwango ambacho hoteli yenyewe imekitunga asubuhi hiyo. Akipata dola kwa mbadilishaji wa barabarani, resepsioni anaiinua kwenye taa. Ina mpasuko mdogo pembeni, kama ukucha: inakataliwa. Ina alama ya kalamu: inakataliwa. Ni ya zamani: inakataliwa. Ni ya dola moja moja: inakataliwa. Basi anarudi kwa mbadilishaji, ambaye anajua kwa nini amerudi, na anamkata tena. Pesa ya mwisho inatafunwa mara mbili kabla ya kulipa usiku wa kwanza.

Sheria ya bei ya mwaka 2018 inamwacha mfanyabiashara huru kupanga bei yake. Sina ugomvi na hilo. Lakini uhuru wa kupanga bei unakwenda pamoja na wajibu wa kuionyesha. Muuza nyanya wa sokoni anapanga mafungu yake mbele ya watu wote, na kila mmoja anaona fungu ni kiasi gani. Mwenye ghorofa mbili anashindwa na muuza nyanya?

Sababu ya tatu ni karatasi, na hii ndiyo inayouma kuliko zote.

Hapa kwetu kitambulisho cha watu wengi ni karte ya uchaguzi. Ukiwa nayo unaandikwa kwenye fishi ya hoteli, unapewa ufunguo. Usipokuwa nayo unaambiwa uende. Sasa niambieni, mtu aliyeamshwa na risasi saa nane za usiku anachukua nini? Anachukua watoto. Anahesabu vichwa gizani. Karte inabaki chini ya godoro, na godoro linabaki nyuma.

Wenye hoteli wanasema: ni usalama, watu wa serikali wanapita kuangalia fishi, tukimlaza asiye na karatasi tutafungwa sisi. Ningewaamini kabisa kama nisingejua jambo lingine linalotendeka kwenye mlango uleule. Kila mtu mzima wa mji huu anajua chumba cha "pasaji" ni nini. Mwanamume anaingia na msichana, analipa saa mbili, hakuna fishi, hakuna karte, hakuna anayeuliza jina wala umri. Saa mbili zikiisha, shuka linageuzwa, anaingia mwingine. Usalama uko wapi hapo? Mlango unaofunguka bila karatasi kwa ajili ya pasaji unafungwa kwa sababu ya karatasi mbele ya mama mwenye watoto wanne. Kama sheria ni sheria, iwe kwa wote wawili. Kama inaweza kulegezwa, ilegezwe kwanza kwa mtoto mwenye usingizi.

Wengine wana karte na bado wanakataliwa, kwa sababu ya uso au matamshi. Kiswahili chake ni cha Kivu, pua yake haikumpendeza sentineli, jina lake limemkumbusha mtu habari aliyoisikia redioni. "Tumejaa," anaambiwa, na funguo zinaning'inia ukutani nyuma ya anayesema. Tuwe waangalifu sana hapa, ndugu zangu. Katanga inajua mahali njia hii inapokwisha, nimetaja hapo juu gare za Likasi na Kolwezi. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye katika nchi hii haki ya kutembea na kukaa popote ndani yake. Sentineli hana mamlaka ya kukibadilisha.

Na kuna mtego mwingine: karte kuwekwa rehani. Familia imelala usiku tatu, imelipa mbili, hoteli inashika karte ya baba mpaka alipe ya tatu. Treni inaondoka kesho yake. Anachagua treni, au anachagua karte? Akipanda bila karte, kwenye kizuizi cha kwanza atalipa tena, na kwenye hoteli ya mji unaofuata atalala nje. Kushika kitambulisho cha mtu ni kumfunga bila pingu. Mwenye hoteli si hakimu.

Mtu akikosa chumba, anakwenda wapi? Wengi wanabaki nje ya gare, kwenye saruji, chini ya taa kama iko. Kwa mwanamume ni baridi na wezi. Kwa msichana ni zaidi ya hayo. Usiku huwa anatokea mtu mwema, ana simu nzuri, anasema: "Dada, nitakulipia chumba." Wasichana wanajua maana yake. Baadhi wanakubali kwa sababu wadogo zao wanatetemeka. Kila hoteli iliyomkataa dada huyo saa moja jioni kwa kukosa karte, kisha ikamfungulia saa tatu usiku akiwa na mwanamume huyo, imeshiriki katika yaliyotokea chumbani.

Wengine hawangoji tena. Wanatafuta treni ya mizigo na kupanda juu yake. Machi 2022, treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, katika jimbo la Lualaba, ikiwa imebeba watu ambao hawakupaswa kuwemo. Walikufa zaidi ya 60. Sisemi waliokufa pale walifukuzwa hotelini, sina habari hiyo na sitaizua. Nasema tu kwamba mtu anayepoteza pesa ya mwisho akingoja treni ya abiria isiyo na saa hana cha kumzuia kupanda ile ya mizigo. Gharama ya kungoja ikizidi, watu wanapanda kifo.

Sasa nawasikiliza wenye hoteli, maana nimeongea na baadhi yao na wana maneno yao.

Wanasema: hoteli si kanisa. Kweli. Hakuna aliyeomba kulala bure. Bei iandikwe, franka ipokelewe, karatasi halali ya komini iheshimiwe. Katika hayo matatu hakuna hata moja linalompunguzia mwenye hoteli chumba kimoja.

Wanasema: kodi ni nyingi, kila wiki kunakuja mtu na karatasi yenye muhuri, na mafuta ya grupu hayashikiki. Kweli, na ni kilio cha haki. Basi weka gharama hizo kwenye bei, iandike ukutani, na iwe moja kwa begi na kwa gunia. Anayekusumbua ni mtoza kodi. Usimlipishe mhami kwa sababu huyo wa kodi humwezi.

Wanasema: familia hizi zinapika chumbani kwa mbabula, siku moja tutaungua. Hapa wana haki kabisa, na nawageukia ninyi wazazi. Msiwashe mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache za uji. Makala yanayowaka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu anakufa usingizini bila kukohoa. Lakini hoteli yenye ua inaweza kuonyesha pembe moja ya kupikia. Anayekataza kupika chumbani, akakataza kupika nje, kisha anauza sahani ya wali kwa dola kwenye terasi, huyo haogopi moto.

Wanasema mwisho: kazi ya kupokea wahami ni ya serikali. Ni kweli kuliko yote. Lakini serikali ina mikono mingi, na baadhi iko mita chache kutoka kwenye milango yenu. Kwa hiyo haya ndiyo tunayoyadai, na tunayataja kwa wenye kuyafanya.

Kwa kampuni ya reli: kila asubuhi, karatasi moja kwenye mlango wa gare yenye habari tatu. Treni iko wapi, imeharibika nini, haitaondoka kabla ya siku gani. Kama hamjui, andikeni kwamba hamjui. Na usiku, acheni ukumbi wa kungojea wazi kwa wenye tiketi, ukiwa na taa, maji, choo na askari mwanamke. Aliyelipa tiketi tayari ni mteja wenu. Asifukuzwe jua likizama.

Kwa meya na wabugumestre wa komini: meza moja pale gare, siku ambazo wahami wanafika, ya kuandika karatasi ya kupoteza vitambulisho kwa bei iliyotangazwa, bila ya "kalamu" na bila ya "sukari". Na barua moja kwa hoteli zote kwamba karatasi hiyo inatosha kwa fishi. Wakaguzi wanaopita hotelini kuhesabu kodi waangalie pia kama bei iko ukutani na kama imeandikwa kwa franka. Macho ni yale yale.

Kwa wenye hoteli: kuanzia usiku wa pili wa treni kuchelewa, wekeni bei ya kuchelewa, ndogo kuliko ya kawaida, kwa mwenye tiketi ya treni. Mtapata vyumba vilivyojaa kwa siku nyingi badala ya familia zinazokimbilia saruji siku ya tatu. Rudisheni karte za watu. Deni liandikwe kwenye daftari, lisahihishwe na wawili, kama wafanyavyo wenye maduka ya mtaani kwa majirani.

Na kwenu mlio njiani, machache ya kujilinda mpaka hayo yatimie. Ulizeni bei kabla mizigo haijashuka begani, na mwulize ni ya mtu au ya chumba, na nini hakimo. Ombeni karatasi ya malipo kila mnapolipa, hata iwe kipande cha daftari chenye tarehe na kiasi. Lipeni usiku mmoja mmoja, msilipe wiki kwa kuahidiwa punguzo. Angalieni kitasa na komeo kabla ya kukubali chumba. Onyesheni karte, msiiache. Mwenye simu ya kupiga picha apige picha ya karte za familia nzima na kumtumia ndugu mmoja aliye mahali salama, maana picha imewasaidia wengi pale komini. Na kabla ya kulala hotelini usiku wa pili, nendeni mkaulize parokiani, kwa wachungaji, msikitini, kwa watu wa kabila lenu au wa mji wenu waliotangulia hapa. Kuomba mkeka kwa mtu si aibu. Pesa mliyonayo ina kazi nyingine.

Kwetu wenyeji nina neno moja. Tunapita pale gare kila siku kwa bisi, tunaona watu wamekaa juu ya magunia, tunasema "masikini" na tunageuza uso. Wengi wetu babu zetu walishuka kwenye gare hiyo hiyo na magunia yao, wakitoka Kasai, Maniema, Tanganyika, Rwanda, Zambia, wakaitwa wageni, kisha wakajenga mji huu. Mwenye chumba kimoja kitupu Kamalondo au Kenya anaweza kukipangisha kwa wiki, kwa franka, kwa bei ya haki, na bado akapata faida. Ukifanya hivyo, hoteli itashusha bei bila kuhubiriwa.

Kuanzia Jumatatu nitapita gare kila asubuhi na kuuliza habari ya treni, na nitaitangaza katika habari za saa moja asubuhi: imefika, iko njiani, au hakuna anayejua. Nanyi mliolala hotelini karibu na gare, nileteeni bei mliyotajiwa, tarehe, na kama franka zenu zilikataliwa. Majina yenu hayatasomwa. Bei zitasomwa zote, moja baada ya nyingine, mpaka ziandikwe ukutani.